Alama ya Sikio

Jua la kwetu halina joto.
Hilo ndilo lililomponza baba.

Maji yameganda ndooni,
upepo wa mlango-bahari unachuna mashavu,
nani atakuambia, katika baridi hiyo,
kwamba kuna kitu juu kinakuunguza
polepole, kama pasi iliyosahauliwa
juu ya shati la Jumapili?

Miaka arobaini na mmoja Abelino Nahuelquín
alichunga kondoo wa watu nyanda za Porvenir,
Kisiwa cha Moto
(jina tu; moto wenyewe ni wa kuni, na kuni haba),
kichwani kofia ya sufu, duara, isiyo na ukingo,
iliyofunika utosi na kuyaacha masikio nje
kama wageni wasiokaribishwa.

Shuleni tulikuwa na ubao wa rangi:
kijani, chezeni; manjano, angalieni;
siku ya zambarau hatukutoka saa sita.
Mwalimu Zdenka alisema anga la kusini limechakaa
kama sweta kwenye kiwiko,
na miale inapenya pale palipochakaa.
Akatupa karatasi tupeleke nyumbani.
Baba aliisoma yote, hata mhuri,
kisha akawashia jiko.
"Jua nalijua," alisema.

Nalo jua lilimjua.
Lilimjua kisogo, lilimjua shingo,
lilimjua ncha ya sikio la kulia,
upande wa kaskazini anapofuata seng'enge kwenda machweo.

Cha ajabu ni farasi.
Tulikuwa na farasi wa mabaka, pua yake ya waridi,
na kila Novemba baba alimpaka dawa nyeupe ya zinki
kwa kidole gumba, taratibu, akimsemesha:
"Tulia, bibi, wewe ngozi yako laini."
Kopo likifungwa, likarudi rafuni.
Hata tone halikuvuka kutoka pua ile hadi sikio lile.

Kwanza kilikuwa kigaga, kadiri ya dengu.
Kikabanduka, kikarudi.
Kisha damu kwenye foronya.
"Seng'enge," alisema.
Seng'enge gani, baba, inayochoma palepale
miezi saba?

Tulivuka kwa feri, yeye kimya, kofia mapajani.
Daktari Marusic akampiga ganzi,
akakata kipande cha pembetatu,
akakitia ndani ya chupa ndogo yenye maji maangavu.
Baada ya wiki mbili neno lilikuja: saratani.
Na baada ya neno, pumzi: mmewahi.
Msimu mmoja zaidi wa kukata sufu, alisema,
na nisingekuwa nazungumzia sikio tu.

Baba aliomba kioo.
Akakitazama kile kipengo, safi, cha pembetatu,
yeye aliyekata masikio ya wanakondoo elfu ngapi sijui,
pengo moja juu, mali ya tajiri,
mawili chini, mali ya jirani.
"Basi nimetiwa alama," alisema.
"Mimi sasa ni wa kundi la nani?"
Daktari alicheka, kisha akaacha.

Siku hizi ana kofia pana kama sinia,
kamba chini ya kidevu ili upepo usiibe.
Anampaka farasi kwanza, kwa sababu ya haya,
halafu, akidhani simwoni, anajipaka mwenyewe:
pua, kisogo, masikio yote mawili,
hata lile lililopungua.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi anavua shati karibu na jiko,
nami nafungua daftari lake la kuhesabia kondoo,
kurasa za nyuma, ambako sasa naandika:
bega la kushoto, doa la kahawia, halijabadilika.
Kiuno, mawili, madogo.
Chini ya kisogo, jipya. Kingo zake hazilingani.

"Umemaliza?" anauliza.
Naisogeza taa.
"Bado, baba. Usitikisike."